Nilivyoziba rejeta kwa uji wa uwanga, na kesho yake nikampakia biharusi

Wakuu wa jukwaa la magari, assalaam alaykum, na wasioitikia salamu hiyo hamjambo.

Nianze kwa kukiri kabla hamjanikamata. Mimi niliwahi kupika uji ndani ya gari. Sisemi kwamba nilikaa ndani ya gari nikapika. Nasema uji ulikuwa ndani ya rejeta, injini ndiyo jiko, na mwiko haukuhitajika.

Haya yalinikuta mwenyewe. Wengi waliokuwepo wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo ningeweza kujipamba humu nikatoka shujaa, na asingekuwepo wa kunisuta. Mkimaliza kusoma mtaona kwamba sikujipamba.

Kilichonichokoza ni vijana humu, wanaulizana rejeta ikivuja coolant na mtu yuko nyumbani afanye nini. Mmoja kasema ute wa yai. Mwingine pilipili manga. Mwingine kaapa kwa sabuni. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama nimemeza meno.

Sasa tulieni.

Ni Pemba, Chake Chake, mtaa wa Madungu, mwanzoni mwa miaka ya sitini, kabla ya Mapinduzi. Nilikuwa nimemaliza sekondari Unguja nikarudi nyumbani. Na niliporudi, nilirudi kweli. Kazi ya ukarani niliipata hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu, na hizo hatua mia mbili nikizilalamikia kila asubuhi.

Gari lilikuwa la mjomba. Dogo, la Kiingereza, rangi ya kisamvu kilicholala. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya usumba. Mjomba alihamia Unguja akaniachia, akasema wewe umesoma, mtaelewana.

Tukaelewana sana. Mimi sikulipeleka popote, nalo halikuniomba. Kila alasiri nilikaa ndani yake pale uani, madirisha wazi, nasoma gazeti la wiki iliyopita. Kwangu mie lile lilikuwa baraza yenye usukani.

Mdogo wangu Mkasi ndiye aliyeniharibia starehe hiyo. Aliolewa na kijana wa Wambaa, jina lake Kombo.

Kwa wasiojua, desturi yetu bwana harusi huingia kwa kina mke, akala fungate yake hapo, siku saba. Kisha yeye hutangulia kwao, na biharusi hupelekwa nyuma yake na watu wake. Siku hiyo ya kupelekwa ndiyo wakwe wanakutazama kuanzia ukucha hadi utosi. Na biharusi hasemi na mtu njiani. Akitaka jambo humnong'oneza somo wake, yaani yule bibi aliyemfunda, na somo ndiye husema.

Sasa Mkasi alikuwa na hofu moja, na haikuwa ya kijinga.

Binamu yetu alipelekwa kwa mumewe juu ya lori la karafuu, katikati ya magunia ya makonyo, vile vijiti vya karafuu. Akashuka na makonyo mawili yameng'ang'ania ushungini. Wakwe siku ile hawakusema neno. Kesho yake akaitwa Bi Makonyo. Alizaa akiwa Bi Makonyo, akaoza watoto akiwa Bi Makonyo, na alipokufa uzeeni watu waliambizana kuna maziko ya Bi Makonyo. Jina alilopewa na babake mie mwenyewe nililisikia mara ya kwanza siku ile.

Basi Mkasi aliniomba kitu kimoja tu katika harusi yote. Apelekwe Wambaa kwa gari la mjomba, afike kama watu, asipewe jina.

Nikasema ndiyo pale pale. Hata sikulikunja gazeti.

Siku tatu kabla ya safari, bata wa jirani alihamia chini ya gari. Nikadhani kapenda kivuli. Kesho yake nikaona ameleta na mwenziwe. Nikainama kutazama, nikakuta wana kidimbwi. Wanaoga.

Siku zile hakuna cha coolant wala nini. Tulitia maji ya kisima, ukiwa tajiri unayachuja. Yale maji yalikuwa yanatoka ubavuni mwa rejeta, karibu na chini, tone, tone, tone, kama mtu anahesabu tasbihi.

Hapa wakuu mtauliza, fundi je? Fundi wa kulehemu alikuwepo, mzuri sana. Lakini alikuwa Wete. Kwa mtu mwingine Wete si mbali. Kwa mtu ambaye hata marikiti ya Chake anaiona ni safari, Wete ni Bombay.

Nikaamua nitaziba mwenyewe, hapo hapo nyumbani.

Nikaanza na sabuni ya mche. Nikaisugua kwenye tundu mpaka ikajaa. Ilishika vizuri sana mpaka nilipowasha gari. Likatoka povu, bata wakafurahi.

Nikajaribu utomvu wa fenesi, ule tuliotegea ndege utotoni. Injini ilipopata moto ule utomvu ukalainika, ukashika nzi wanne na mkono wa kanzu yangu. Maji yenyewe haukuyashika.

Ndipo elimu ikanipanda kichwani.

Nilikumbuka kwamba chungu kipya cha udongo, kabla hakijatumiwa, mama alikipikia uji mzito kwanza. Uji ule huingia kwenye vitundu, ukakauka, chungu kikaacha kuvuja. Nikajiuliza, kwani rejeta ni nini? Chombo cha maji kinachokaa motoni. Ni chungu kilichosoma.

Jirani yetu Bi Riziki alikuwa mfinyanzi. Nyumba yake na yetu zilitazamana, na hakuna aliyejua tabia za vyungu pale mtaani kama yeye. Nikaenda kumuuliza.

Lakini niliona haya kumwambia ni gari. Mimi, kijana wa sekondari, nikamuulize mfinyanzi habari za injini? Nikamwambia nina chungu kinavuja.

Akauliza kipya au cha zamani. Nikasema cha zamani, cha mjomba. Akanitazama. Akauliza mjomba wako tangu lini anapika. Nikasema anapika kidogo kidogo. Akauliza kinatiririka au kinatoa jasho. Wakuu, lilikuwa linatiririka. Lakini niliona kwenye uso wake kwamba jasho ndilo jibu zuri, nikasema jasho.

Akanipa dawa. Korogea uwanga, uwe mzito, uchemke mpaka ushikane, uulaze humo humo, asubuhi uumwage, uoshe.

Kwa wageni, uwanga ni ule unga mweupe wa kiazi cha porini. Tukipikia uji, tena tukitilia kanzu mpaka inasimama bila mtu ndani.

Nikachota uwanga wa mama, nikaukoroga na maji ya kisima, nikaumimina kwenye rejeta kwa faneli ya jani la mgomba. Nikawasha injini, nikakaa ndani nikasoma gazeti huku chakula kinaiva.

Hilo la kumwaga asubuhi sikulitia maanani. Nikaona nikimwaga nitamwaga na dawa.

Asubuhi bata wote wawili wamehama. Chini pakavu.

Nikamwita mama nikampa darsa refu juu ya wanga na joto. Aliposikia neno wanga akauliza mbona wake umepungua. Nikasema panya.

Siku ya safari tulipakia. Mbele mimi na mama. Nyuma Mkasi, amefunikwa gubigubi na buibui na juu yake kanga mpya, pamoja na somo wake Bi Kidawa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuadhinia. Vigelegele vikapigwa mtaa mzima. Nikapiga honi. Nawaambia ukweli, nilijisikia mtu mkubwa sana.

Tukashika njia ya Mkoani. Maili za mwanzo gari lilikwenda kama hariri. Tukakata kulia, njia ya udongo ya kwenda Wambaa. Na anayeijua Pemba anajua, ukitoka kwenye lami ni vilima, ukishuka kimoja unapanda kingine.

Kilima cha pili ndipo nilipoanza kusikia harufu. Haikuwa mbaya. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Gari likiharibika hunuka mpira au mafuta. Hili lilinukia kama saa ya kufuturu.

Mama akavuta pumzi mara mbili.

"Yule panya wako," akasema, "kumbe tumepanda naye."

Mfuniko wa rejeta, ambao kwa magari yale ulikaa nje puani, uliruka, tukausikia unaanguka migombani huko. Kisha uji ukatoka. Ukaja juu ya boneti, ukapanda kioo, ukatuzibia dunia. Nikawasha kile kifagio cha kioo. Kikaupaka vizuri, kona kwa kona, kama mwanamke anayesambaza chapati kwenye chuma.

Nikasimamisha gari kwa kukisia.

Nilipofungua boneti niliona msiba. Rejeta nzima imejaa, juu mpaka chini, kitu kizito cheupe kinachotikisika. Pale palipovuja ndipo pamezibika kuliko kote. Kazi niliifanya barabara. Maji yalikosa pa kutokea, na yalikosa pa kupita.

Watu wakatoka mashambani, maana pale penye uwazi wa njia harufu inakwenda mbali. Mzee mmoja alikuja na kata yake mkononi, akauliza kwa adabu kama ni sadaka.

Nikaona gari la ng'ombe linakuja nyuma yetu, ng'ombe wawili, limejaa nazi. Mwenyewe akiitwa Mzee Haji, mtu mpole. Alipoelewa kuna biharusi ndani, akasema hakuna tabu, ataweka kanga juu ya nazi, biharusi atapanda, na kabla ya alasiri atamfikisha.

Mie nikafurahi. Nikasema Alhamdulillahi, tumepata usafiri.

Kisha nikaona kiti cha nyuma lile gubigubi linamwinamia Bi Kidawa. Likanong'ona.

Bi Kidawa akatoa kichwa dirishani.

"Biharusi anasema hashuki."

Nikamwambia amwambie kwamba gari limekufa. Gubigubi likanong'ona tena.

"Biharusi anasema alikuomba kitu kimoja."

Nikasema najua.

"Anasema kimoja tu."

Nikasema najua, Bi Kidawa.

"Anasema wewe ni mpumbavu."

"Hilo kasema yeye, au umeongeza mwenyewe?"

Bi Kidawa akafikiri kidogo. "Kasema yeye. Mie nimepunguza."

Wakuu, pale cheko liliniishia. Nilimtazama yule mtoto chini ya zile nguo, jua la saa saba, jasho limeshapita kwenye kanga, na hawezi hata kunitukana kwa mdomo wake. Nilijua anachokiona. Anajiona anashuka juu ya nazi mbele ya wakwe, na kesho anaamka Bi Nazi mpaka kufa. Na yote kwa sababu kaka yake ameona uvivu kwenda Wete na haya kusema neno gari.

Likanong'ona mara ya nne, refu.

"Biharusi anauliza," akasema Bi Kidawa, "wale ng'ombe lazima wavute lile? Hawawezi kuvuta hili?"

Tukatazamana mimi na Mzee Haji. Tukawatazama ng'ombe. Kwani kweli, ng'ombe anajua anavuta nini?

Mzee Haji alikuwa na wasiwasi mmoja tu, nao ulikuwa wa mtu mwenye akili. Akauliza tukianza kushuka kilima, breki ni ya nani. Nikamwambia ni yangu, na hiyo peke yake katika gari hili ndiyo nzima.

Nazi tukaziacha kwa yule mzee mwenye kata. Tukawafungua ng'ombe, tukafunga nira kwenye bampa kwa kamba iliyofungia nazi.

Lakini hawakwenda. Walikuwa wamegeuza shingo, wanalamba boneti. Mzee Haji aliwapigia mluzi, aliwaita kwa majina, akawatishia, hawakusikia. Ikabidi tuwangoje wale washibe. Wamelamba boneti, wamelamba taa, mmoja akanyoosha ulimi mpaka kwenye kioo akanisafishia upande wangu, macho yake yananitazama ndani kwa huruma, kama ananijua.

Ndipo wakakubali kuondoka.

Basi tukaingia Wambaa hivyo. Ng'ombe wawili mbele na mashavu meupe. Nyuma yao gari la Kiingereza linang'ara boneti, halijapata kung'ara hivyo tangu lizaliwe. Mimi kwenye usukani, mgongo wima, nimetoa gia, mguu kwenye breki mpaka umekufa ganzi. Mama akanambia piga honi. Nikapiga. Ng'ombe wakasimama. Akanambia usipige honi.

Wakwe walikuwa wamejipanga nje, wanawake mbele. Mamake Kombo, Bi Time, alikuwa mrefu, mkimya, na wote nyuma yake walingoja yeye afumbue mdomo ndipo wajue wacheke au wasicheke. Akalizunguka gari polepole. Akawatazama ng'ombe. Akamtazama mama yangu.

"Huko kwenu mjini," akauliza, "gari halina moto?"

Nilifumba macho. Nikalisikia kabisa jina la Mkasi linakuja.

Mama akateremka taratibu, akaipanga kanga yake.

"Moto linao," akasema. "Tumeuzima. Sie hatumwingizi biharusi kwa wakwe kwa mngurumo na moshi, kama gari la karafuu. Ni dharau."

Wallahi wakuu, sijapata kusikia uongo uliosimama wima namna ile. Haukutikisika hata kidogo.

Bi Time akaitazama tena ile boneti safi, na Mzee Haji aliyekwishaingiwa na fahari, ameshika shikio la ng'ombe kama askari wa gwaride.

"Nyie mnajua heshima," akasema.

Vigelegele vikalipuka. Mkasi akateremshwa kwenye gari la mjomba, kwenye jamvi, mguu wake haukugusa vumbi.

Jina hakupewa. Mpaka anafariki, Mungu amrehemu, Wambaa nzima ilimwita Mkasi. Jina nilipewa mimi, aliyenipa Bi Kidawa, kabla hatujamaliza hata pilau. Bwana Uwanga. Nimeitikia jina hilo ofisini, sokoni, na mara moja mbele ya hakimu.

Tena miaka kadhaa baadaye nilialikwa Wambaa harusini. Gari lililoleta biharusi, jipya kabisa, likasimamishwa mwanzo wa kijiji. Dereva kaambiwa azime, wanaume wakaja na kamba wakalivuta mpaka mlangoni. Nikamuuliza kijana mmoja kwa nini. Akanijibu kwa kunionea huruma, kama naulizia kitu ambacho kila mtu anakijua, kwamba kuingia na injini kwa wakwe ni dharau. Nikasema naam, nimesahau.

Rejeta? Nilikwenda Wete. Kwa miguu sehemu kubwa, maana Mkasi alimtuma mtu aje kuniambia kwamba hatanipokea kwake mpaka nimekwenda. Fundi akaipasua, akatoa vipande kama halua, akauliza kama nataka anifungie nipeleke nyumbani. Kulehemu kwenyewe hakukuchukua hata muda wa kunywa kahawa vikombe viwili.

Nililojifunza ni dogo na halina utaalamu wowote. Ukienda kuuliza, sema kinachovuja ni nini. Yai, pilipili, sabuni, uwanga, vyote vinaziba, sibishi. Lakini havina macho, vitaziba na panapotakiwa pawe wazi. Na kama fundi yuko Wete, nenda Wete.

Haya, waliowahi kutia vya jikoni kwenye gari wajitokeze humu, msiniache peke yangu kwenye aibu hii. Walio wakamilifu nao wapite tu, tutawapisha.

Nawaachia la Bi Riziki. Niliporudi Madungu nilikwenda kumwambia ukweli wote, tangu jasho la uongo mpaka ng'ombe. Alikuwa anakanda udongo, hakuacha kukanda. Nilipomaliza alinyanyua uso akasema hivi, neno kwa neno:

"Mwanangu, mie nafinyanga vyungu tangu sijavunja ungo, na sijapata kumpakia biharusi wa mtu ndani ya hata kimoja."